Kioo cha Bibi

Juzi mwanangu mdogo alikuwa anatafuta chaja kwenye kasha la chini ya kitanda, lile lenye nyaya za kila zama, akaibuka na kioo. Akakifuta kwa upindo wa gauni lake, akaweka vidole viwili juu yake na kuvitanua, kama afanyavyo kwenye simu yangu akitaka picha iwe kubwa. Kimya. Akavitanua tena.

"Mama, kimekufa?"

"Kimezima zamani. Lakini hata kilipokuwa kizima kilikuwa hakijui vidole viwili. Kimoja tu."

Hilo halikumwingia, akaliacha. Akakipindua kwenye mwanga wa dirisha, akaona mikwaruzo: mingi, myembamba, yote imelala upande mmoja kama nyuzi za mshono. Akauliza nani kakikwaruza. Nikamwambia ni bibi yangu mimi, mama yake mama. Akataka kujua kwa nini sikumkataza.

Siku ya nne leo nakaa na suali hilo.

Kioo hicho nilikinunua Darajani, Unguja, mwaka 2011, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, kwa mshahara wangu wa pili wa ualimu. Siku hizi twasema kishikwambi. Wakati ule tulisema tableti, na Bibi tangu siku ya kwanza alisema kioo. Galaxy Tab ya kwanza ya Samsung ilikuwa imetoka mwishoni mwa 2010, nayo niliiona mkononi mwa abiria mmoja kwenye boti: inchi saba, nyembamba, mtu anaweka sikioni na kupiga simu. Bei yake haikuwa ya mwalimu mpya. Changu kilikuwa na inchi saba hizo hizo, ndani ya boksi jeupe lenye jina ambalo sijalikuta tena popote. Android 2.2, prosesa ya megahezi 800, memori ya megabaiti 256. Nilizisoma namba hizo juu ya boksi kama mtu anayesoma cheti cha ndoa.

Nilikinunua kwa sababu ya macho ya Bibi. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza upande wa kulia, na msahafu wake, ule wa chapa ndogo aliousoma tangu yumo chuo cha Kurani, mistari yake ilikuwa imegeuka siafu. "Wanatembea," aliniambia. "Nikiwafuata huku wanakwenda kule." Msahafu wa chapa kubwa ungemsaidia mchana, mlangoni, penye jua. Lakini Bibi wakati wake wa kusoma ulikuwa usiku. Pemba tulikuwa tumeshapata umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, tangu 2010, na chumbani kwake Mtambwe kulikuwa na taa ya darini. Taa ile ilimwangazia ukurasa na kumwekea kivuli chake mwenyewe juu ya maandishi. Nikafikiri: akipata herufi zenye nuru kwa ndani, zinazoweza kukuzwa, atasoma.

Basi nikatia programu ya Kurani, nikavuka nacho.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Bibi alitia udhu kana kwamba namletea msahafu, akatandika msala, akaniambia nikiweke juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu. Nikaifungua sura ya Yasini. Akainama karibu, karibu sana, pua yake ikawa inakaribia kugusa kioo. Akanyamaza. Nikadhani anasoma.

"Hizi herufi nani kazikata?"

Nikatazama vizuri. Kila herufi ilisimama peke yake, mbali na ndugu yake, na irabu zake zimemwagika pembeni. Kiarabu kinaandikwa kwa kushikana. Herufi moja ina sura yake ya mwanzo wa neno, ya katikati, ya mwisho, na ya upweke. Android ya kioo changu haikujua kuchagua. Ilizitoa zote kwa sura ya upweke. Mimi kule Unguja niliifungua programu, nikaona Kiarabu, nikatosheka. Sikusoma hata mstari mmoja.

Bibi hakukasirika. Alisema taratibu, kama anayemfahamisha mtoto wa chuoni: "Alif Lam Mim ya mwanzo wa sura imeandikwa imeshikana, nasi twaisoma mbalimbali. Hii ya kusomwa imeshikana, mbona imeachwa mbalimbali?" Halafu akakitoa kile kioo kwenye marufaa kwa mikono miwili, kwa adabu, akanirejeshea.

Nililala vibaya usiku ule.

Niliporudi Unguja niliuliza huku na huku, mpaka mwalimu mwenzangu mmoja akanipa njia: usiache kioo kiandike Kiarabu, kipe picha ya ukurasa. Zipo kurasa za msahafu wa Madina, 604, kila moja picha yake, na katika picha herufi haziwezi kukatika. Nilizishusha kwa modemu usiku kucha, nikazipanga kwenye kadi, 001 mpaka 604. Programu ya kuzifungulia ilikuwa nyepesi: ina alama ya kujumlisha ya kukuzia, na ukiifunga leo kesho inafunguka pale pale ulipoachia.

Sasa usiku wa pili. Huu ndio ninaoukumbuka kwa harufu yake.

Ramadhani ilikuwa imeingia. Tumefutari, watu wamekwenda tarawehe, na umeme umekatika. Karafuu za kwanza za msimu zilikuwa zimeanikwa mchana kutwa, jioni zikakusanywa ndani kwa kuogopa mvua, gunia limeegemezwa ukutani nyuma ya Bibi, chumba kizima kinawasha pua. Nikakiwasha kioo. Kilichelewa kuwaka, kama kawaida yake. Ukikigusa lazima usubiri, ukigusa mara ya pili kwa haraka kinachanganyikiwa. Nikafungua ukurasa wa 440. Juu kuna mistari ya mwisho ya Fatir, chini yake kichwa cha Yasini. Nikabonyeza alama ya kujumlisha mara tatu.

Uso wa Bibi ukawaka. Nasema ulivyokuwa: taa ya chumba ilikuwa ile tu, na yote ilimwangukia yeye, kwenye mikunjo ya mashavu, kwenye upindo mweupe wa ukaya.

"Si msahafu wangu huu," alisema. "Yasini yangu inaanza mahali pengine." Kisha: "Lakini wameshikana."

Kijiti cha plastiki kilichokuja ndani ya boksi watoto walikuwa wameshakipoteza. Bibi akamtuma mdogo wangu akamkatie uchelewa. Mtoto akachomoa mmoja kwenye fagio. Bibi akaukataa: "Huo umeshafagia. Nenda katika ukuti mbichi." Ukaletwa mbichi, akauparua ncha kwa kisu cha jikoni, akaujaribu kwenye kiganja. Hivyo ndivyo walivyofuatia herufi chuoni, alisema, ncha ikitangulia na jicho likifuata.

Akaiweka ncha juu ya neno la kwanza. Kwa kuwa ukurasa ulikuwa umekuzwa, mstari haukuenea. Nusu yake ilijificha kushoto. Alipouburuza uchelewa, mstari ukamfuata. Akashtuka, akauinua. Akaweka tena, akauvuta kidogo kuelekea kulia, na maneno yaliyojificha yakatokeza. Akacheka kwa kifua, bila ya sauti. "Nauvuta kama ukili," alisema. Na kweli, mkono ulikuwa ule ule wa kuvuta ukili: kidogo, tua, kidogo, tua. Akasoma. Mwanzo kwa kubahatisha, akitangulia kwa moyo yale aliyoyahifadhi, halafu akafika pale alipokuwa akikwama siku zote, na sauti haikukwama. Ikapita.

Watu waliporudi msikitini walimkuta yuko ukurasa wa 443, betri imebakia nyekundu. Mjomba alisimama mlangoni na viatu mkononi, hakuingia, hakutoka.

Nimekuja kufahamu baadaye kwa nini kile kioo kilimsikia. Kilikuwa cha tabaka mbili, ngozi ya plastiki juu na kioo chini yake, na uwazi mdogo katikati. Ukibonyeza, la juu linagusa la chini, ndipo kinajua ulipo. Hakijali unabonyeza kwa nini: kucha, kijiti, uchelewa. Bibi alikuwa amechambua karafuu na kusuka mikeka tangu utoto wake, ncha za vidole zimekakamaa kama gome. Simu za gharama za wajukuu wake zilikuwa hazimsikii kabisa, maana hizo hutegemea umeme wa ngozi laini ya kidole. Cha bei ya chini kilimsikia.

Ila chengine chochote kilikuwa taabu. Mchana barazani hukioni kitu ila uso wako mwenyewe. Ukikitazama kwa chini rangi zinageuka, nyeusi inakuwa nyeupe, ikabidi tuikunje marufaa kwa kitambaa ili kisimame sawasawa. Betri saa tatu, ikiwa siku njema. Chaja yake ilikuwa ya pini ya duara, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, huwezi kuazima ya jirani. Google walikuwa wametoa Android ya tableti hasa, 3.0, Februari mwaka ule ule, lakini kioo changu kilikaa na ile ya simu mpaka mwisho wake. Na plastiki ya juu ilikuwa laini. Kila mstari aliousoma Bibi uliacha alama. Niliiona mikwaruzo tangu wiki ya kwanza. Ndiyo jawabu ya mwanangu: niliiona, na nisingeweza kumwambia asisome.

Kuna jambo moja sijalieleza, na ndilo linalonikera.

Baada ya Idi, Bibi aliutoa msahafu wake. Kulikuwa na mtoto mmoja wa chuo pale kijijini ambaye alikuwa akisomea juzuu zilizochanika, akampa. Aliniambia kwa furaha. Alisema macho ya mtoto yale hayaoni siafu. Mimi nikamwambia amefanya vyema, na nilimaanisha.

Mwaka uliofuata, kabla ya msimu wa vuli, pini ikalegea. Mwanzo ukiishikilia kwa pembe fulani inachaji, Bibi akawa anaifunga kwa uzi na kuiegemeza kwenye kikopo. Kisha ikakataa. Nikakipeleka kwa fundi mjini Wete, akaiunga kwa risasi, ikaenda wiki mbili. Halafu betri ikavimba, mgongo ukafunguka kama kome. Fundi akasema kisiwashwe tena, kitaunguza nyumba.

Bibi aliuliza tu: "Kioo kimelala?"

Nilikwenda kwa yule mtoto. Nilifika mpaka uani kwao. Nilimsikia anasoma ndani, nikarudi. Nilipomwambia Bibi kwamba naweza kuuomba, aliniambia kitu cha Mungu ukishakitoa hukidai. Mjomba akamnunulia msahafu wa chapa kubwa, akawa anausoma mchana mlangoni, mkono ukiupeleka uchelewa. Usiku alisoma kwa moyo. Nikilala kwake nilimsikia: anafika pale pale, anakwama, anarudi nyuma aya tatu kama mtu anayetafuta kasi ya kuruka mtaro, anakwama.

Mwaka 2013 nilijikusanya, nikamnunulia tableti njema. Android 4.2, ambayo imefunzwa kuanzia kulia. Kiarabu kimeshikana vizuri bila ya picha yoyote. Betri ya siku nzima. Nilijiona nimelipa deni. Akatia udhu, akakaa, akachukua uchelewa wake. Kioo hakikuusikia. Akajaribu kidole. Akakilowesha kidole, akajaribu tena, mara ukurasa ukaruka, mara ukaganda. Nilimwona anajizuia asinihuzunishe. "Hiki ni cha wenye vidole," alisema, akanipa nikakisomee mimi. Nikamsomea usiku ule, na yeye akinifuata kwa sauti ya chini. Nilikuwa nakaa Unguja. Sikuweza kumsomea kila usiku.

Amefariki 2014. Allah amrehemu.

Mpaka leo sijui kama nilimpa kitu au nilimwondolea. Kuna saa nakumbuka uso ule umewaka, naona inatosha. Kuna saa nasikia pale anapokwama.

Jana usiku niliitoa kadi pembeni mwa kioo, nikaitia kwenye kompyuta. Kurasa zote 604 zimo, safi. Nikaifungua 440, nikaikuza mara tatu. Kisha nikakumbuka kwamba ile programu ilikuwa ikiweka alama ya ukurasa wa mwisho, na alama hiyo haiko kwenye kadi. Imo ndani ya kioo chenyewe. Ukurasa aliofikia Bibi usiku wa mwisho kabla pini haijakataa, umo mle.

Leo asubuhi nimekipeleka kwa fundi mmoja Darajani. Amekigeuza, amekipima, amesema betri ya umbo hilo atanitafutia, ila hakuniahidi kuwa kitawaka. Akaitazama mikwaruzo, akasema plastiki ya juu anaweza kuniwekea mpya, si ghali.

Nimemwomba asiiguse.