Mkono wangu umo

Saa kumi kasoro robo usiku, niko jikoni na simu, taa nimeizima nisiwaamshe watoto. Baba Watoto anakoroma kama feri ya Likoni. Nimejilaza tangu saa tano, na kila nikifumba macho namsikia Kidege, binti wa kaka yangu.

Neno lenyewe dogo. Jumanne mchana, dukani, umeme umekwenda, mimi nafumua pindo la buibui la mteja, yeye ameketi kwenye kigoda akitafuna kachiri za muhogo, vidole vyekundu kwa pilipili. Tulikuwa tumeanza kumzungumza yule kijana aliyekuwa mchumba wake, mara ya kwanza kwa kirefu tangu mambo yaishe, nami nikavaa ushangazi wangu nikamwuliza: "Lakini mwanangu, hukuona mapema kwamba yule hakufai?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Shangazi, si wewe ulisema ananijali?"

Nami, mtu mzima wa miaka 39, nikajibu: "Mimi? Nilisema hivyo?"

"Ehe. Ukanyoosha na mkono."

Kisha akatia vidole kwenye karatasi, akachagua kachiri kubwa.

Basi, hayo tu. Wiki hii kaka Baharia ameshuka melini baada ya miezi tisa, nguo za arusi ya Tudor zimetoka na nusu ya pesa bado iko kwa mamake biarusi, mwenye nyumba kaleta barua ya kupandisha kodi. Lakini ukiniuliza kumetokea nini wiki hii, nitakwambia nilisema uwongo mbele ya mtoto anayekula kachiri. Maana nilikumbuka. Kabla hajafika kwenye "mkono" nilikuwa nimeshakumbuka hadi rangi ya kitambaa.

Ilikuwa Shaaban, Ramadhani inabisha hodi, msimu ambao fundi halali. Kidege amesimama katikati ya duka nampima gauni la Idi, mikono ameinua, mimi nina pini tatu mdomoni. Simu ikalia. Akaitazama, akasema, "Dakika moja, Shangazi." Akapiga picha ya cherehani. Akapiga ya mlango. Halafu, kwa haya kidogo: "Anataka kuhakikisha fundi ni mwanamke. Nyoosha mkono tu, uso hautatokea."

Nikacheka. Nikanyoosha mkono, tepu inaning'inia, hina ya arusi ya jirani bado haijafutika. Na pini zangu mdomoni nikasema: "Ai, huyu anakujali kweli. Baba Watoto hata sasa hajui kama niko Majengo au Malindi."

Niandike na hili, maana saa hizi mmelala: nilimwonea wivu kidogo. Miaka kumi na sita ya ndoa na simu ya mume wangu hunipigia kuuliza unga umeisha au bado. Nikaona mtoto wa miaka kumi na saba anatafutwa kila robo saa, nikadhani hayo ndiyo mapenzi yaliyonipita.

Na msidhani nilikuwa mtu wa kutojua. Tarehe 27 Januari 2024, wanawake walipoandamana Kenya nzima kwa sababu ya wenzetu waliokuwa wakiuawa, nilifunga duka. Mnakumbuka, niliwaandikia. Nilishona hadi kitambaa cha bango, herufi zenyewe nikazidarizi kwa mkono. Nikarudi nyumbani miguu imevimba, najiona mwanamke aliyeamka. Mwaka mmoja baadaye namnyooshea mkono mvulana nisiyemjua apate ushahidi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mtu mzima aliyejua habari za kijana huyo ni mmoja tu, mimi. Wifi yangu mnamjua, kwake binti hana mvulana, hana rafiki mvulana, na hata mwalimu wa kiume afadhali awe mzee. Kidege akanifuata mimi, kama sisi tulivyowafuata shangazi zetu. Nikaona fahari. Nikawa nasema "yuko kwangu dukani" siku ambazo hakuwa dukani. Kumbe ile siri niliyokuwa nikiitunza kama dhahabu ndiyo kijana aliyokuwa akimtishia nayo. Ukiniacha namwambia mamako. Ukichelewa kujibu namwambia mamako. Mimi namfungia mlango nikidhani namhifadhi, na aliyemo ndani naye ni kijana huyo huyo.

Haya mengine nimeyajua baadaye, vipande vipande, na Jumanne ile akanimalizia.

Mwanzo kijana alikuwa mtu wa kumnunulia bando na kumfundisha hesabu. Baadaye akataka paswadi ya simu, kwani wapendanao hufichana nini. Baadaye WhatsApp yake ikawa imeunganishwa na simu ya kijana, kila anachoandikiwa na mwenziwe kinasomwa huko. Shoga yake wa tangu chekechea akaitwa mhuni, wakaachana. Mpira wa wavu akauacha, ati kaptula. Hakuna siku hata moja aliyomkataza kwa sauti kubwa. Alinuna tu, siku mbili, tatu, hadi Kidege aombe radhi.

Na siku moja pale ufukweni Mama Ngina, wameketi kwenye ukuta wanakula muhogo wa kukaanga, kijana akataka kuona simu, Kidege akasema ngoja. Akamshika mkono, akakichukua kidole gumba chake, akakibonyeza kwenye simu kwa nguvu mpaka ikafunguka. Kidege alinionyesha kwa mkono wangu. Alinishika hapa, juu ya kiungo, akakipinda kidole changu taratibu kukielekeza kwenye meza. "Hakikuvunjika," akasema, "ila niliona kwamba kidole si changu." Halafu kijana akalia. Akamnunulia dafu. Watu walikuwa wamejaa pale, wauza mihogo, watoto, wazee wanaopunga upepo, na hakuna aliyeona kitu, maana kwa mbali ni wapenzi wameshikana mikono.

Mnajua alifunguliwa macho na nini? Si na mimi. Alikuwa akitafuta ujumbe wa zamani wa mwalimu, akaandika neno "samahani" kwenye kile kisanduku cha kutafutia, likatokea zungumzo lao. Akaanza kuhesabu. Zake alichoka alipofika tisini. Za kijana zilikuwa nne, na mbili kati ya hizo ni "samahani lakini". Akarudi kusoma alikuwa akiomba radhi kwa nini. Kwa betri kuisha. Kwa kukaa bafuni. Kwa kumcheka kondakta wa matatu aliyeteleza. Kwa kulala.

Siku ya pili akaenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, yule mama mfupi. Mwalimu akamchorea duara. Kidege akanichorea na mimi, kwa chaki, juu ya karatasi yangu ya kukatia patani: katikati mamlaka na udhibiti, halafu vipande kama vya sketi ya duara iliyotandikwa mezani, kutishia, kutenga na watu, kudharau, kulaumu, kujifanya halikutokea. Kipigo hakina kipande chake, kiko ukingoni, kimezunguka vyote, kama mkanda wa pindo unavyoshika sketi nzima. Ati waliolitunga ni watu wa mji wa Duluth, Marekani, mwaka 1984, baada ya kukaa na wanawake waliopigwa na kuwasikiliza. Nikawaza, hao waliuliza kwanza. Kidege akaandika ndani ya kila kipande neno la kijana. Picha za dukani akazitia kwenye kile cha kutenga, akaandika "fundi". Sikusema kitu. Nilisingizia natafuta mkasi.

Kuondoka kwenyewe alikupanga vizuri kuliko ninavyopanga mimi msimu wa Idi. Alimrudia shoga yake kwanza. Alipiga picha ya ujumbe wote wa vitisho akazihamishia simu ya shoga. Akafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, akakitoa kifaa cha kijana, akabadilisha paswadi zote. Ndipo, akiwa kwao sebuleni, mamake jikoni, shoga pembeni, akatuma maneno mawili: nimeacha, usinitafute. Kijana akaomba waonane mara ya mwisho tu, waagane kiungwana. Mwalimu alikuwa ameshamwonya kwamba mwenye tabia hiyo huwa hatari zaidi pale anapoachwa, na mara ya mwisho hiyo ndiyo ya kutokwenda. Hakwenda. Kijana akatishia kwamba atajirusha darajani Nyali, akatishia kwamba anazo picha. Hapo ndipo Kidege akapiga 116, ile nambari ya watoto, ya bure, akapiga kwa simu ya shule. Na hapo ndipo alipomwambia mamake. Nilidhani wifi ataangusha nyumba. Akauliza mara moja tu, "Ulikuwa na mchumba tangu lini?", kisha akavaa buibui wakaenda kituo cha polisi kuandikisha, akarudi na nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio, ameiandika kwenye kiganja. Picha zenyewe, wakaambiwa, kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inayomgusa mwenye kuzisambaza, na kwa kuwa binti hajatimiza kumi na minane mambo ni mazito zaidi. Kijana alipolijua hilo akaacha kutaja picha.

Mimi nilijulishwa siku ya tatu. Na wifi! Wifi niliyekuwa nikimficha!

Sasa hapa nilipofika nilitaka kulia, lakini nimekumbuka kilichotokea Jumanne hiyo hiyo, umeme uliporudi. Nilimwuliza Kidege, na sasa, bado anakusumbua? Akapangusa vidole, akasema aliishia kumtumia "tafadhali nipigie". Zile za bure. Kila laini akizuiwa anahamia nyingine, na kila moja tafadhali nipigie, tafadhali nipigie, wiki nzima, mpaka zikakatika.

"Shangazi, mtu aliyekuwa anakufa kwa ajili yangu," akasema, "hana hata shilingi kumi ya salio."

Tulicheka mpaka mama wa mitumba wa mlango wa pili akaja kuuliza kuna nini. Kidege akamsimulia, naye akacheka mpaka akaketi juu ya furushi la sare. Wallahi sijamsikia mtoto huyu akicheka hivyo tangu aache mpira. Na simu yake muda wote huo ilikuwa juu ya rafu ya nyuzi, imelala kifudifudi. Aliisahau. Ilibidi nimkimbizie hadi stendi.

Jana alasiri akaja kupimwa gauni la arusi ya binamu yake. Nilikuwa nimejitayarisha tangu Jumanne. Nimeyasema yale maneno nikioga, nikiwa kwenye tuktuk, nikiwa Biashara Street nabishana bei ya bitana. Mara niwe mpole, mara nieleze tulivyolelewa, kwamba wivu ndio chumvi ya mapenzi na mume asiyeuliza ulikuwa wapi hakutaki. Mara nitaje maandamano, hilo nikalifuta mwenyewe. Akasimama pale pale, akainua mikono. Safari hii sikutia pini mdomoni.

Nikasema: "Kidege, nilisema. Nilikumbuka siku ile, nikajifanya. Nilisema anakujali na nikanyoosha mkono."

Akanitazama kwenye kioo. "Najua."

Nikangoja.

"Hili litakuwa na mifuko?"

Nikamwambia gauni la satini halitiwi mifuko, litavimba nyonga. Akasema yeye anataka mifuko. Tukabishana. Nitatia mmoja, kulia, kwenye mshono wa ubavuni, mtu asijue upo.

Sijui kama hiyo ndiyo kusamehewa. Nimeigeuza usiku huu wote, "Najua" yake, nikaisikia mara ya upole mara ya baridi. Nimefungua na simu nikatafuta kama ile picha aliwahi kunitumia, nikaikuta. Mkono, tepu, hina. Kidole changu gumba kimenyooka kana kwamba nampongeza mtu. Sijaifuta.

Muadhini wa msikiti wa nyuma anakohoa kwenye kipaza sauti, hivi anaanza. Na mkanda wa cherehani kubwa tangu juzi unanuka mpira ulioungua, fundi anayeujua amekwenda Kwale matangani, na sare arobaini za watu nilizoahidi Jumatatu bado hata kola sijakata.