Siku niliyopangwa upande wa Sheria

Nilikuwa nasoma sheria Dar, na kozi tuliyokuwa tunaiogopa wote ni falsafa ya sheria, maana haina kifungu wala kesi ya kukariri, unaingia kichwa kichwa tu. Sasa siku moja ya semina lekchara akatugawa makundi mawili, fotokopi za Crito, kitabu cha mazungumzo cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zikapita mkono kwa mkono, wale wakaambiwa nyie ni Crito, mshawishini mzee atoroke jela, sisi tukaambiwa nyie ni Sheria za Athens, mzuieni.

Kwa asiyejua kisa: mwaka 399 KK Socrates, mwanafalsafa wa Athens, mzee wa miaka 70, kahukumiwa kifo eti haitambui miungu ya mji na anaharibu vijana. Kuuawa kukachelewa sababu kuna meli takatifu imeenda kisiwa cha Delos na mpaka irudi haruhusiwi mtu kuuawa. Ndo rafiki yake Crito anaingia alfajiri, askari wa jela keshazoeana naye na keshafanyiwa fadhila (eeh, hata huko), hela ipo, wenyeji wa kumpokea Thessaly, kaskazini huko, wapo. Mzee kagoma. Anasema tuseme Sheria zenyewe zije zisimame hapa ziniulize, si tumekulea sisi, si umekaa humu miaka yote hukuhama, basi ulishakubaliana nasi.

Nilijiamini balaa. Nikasimama nikamwaga sera, kwamba huu ndo mkataba wa kijamii wenyewe, yaani serikali inatawala kwa sababu watu wamekubaliana nayo, miaka elfu mbili kabla ya Mwingereza Hobbes kuandika yake 1651, na hata mwenzake Locke alikuja kusema ukipita tu barabarani kwa amani ushaikubali serikali ya hapo. Dada mmoja wa upande wa pili wala hakuinua kichwa kwenye makaratasi yake. "Kaka, we ulisaini wapi? Mi nimezaliwa nimekuta polisi wapo." Darasa likacheka mpaka basi, na lekchara badala ya kuniokoa akaongezea la Hume, mwanafalsafa wa Scotland, la 1748: mtu kapakiwa melini amelala, kaamka yuko katikati ya bahari, unamwambia umemkubali nahodha kwa sababu hujajirusha majini!

Lekchara hajamaliza. "Na Leon je?" Hapo nikaanza kufunuafunua karatasi. Ni kwamba mwaka 404 KK wale watawala Thelathini, kundi la madikteta, waliposhika mji wa Athens walimuita Socrates na wengine wanne, wakawaagiza wakamlete Leon wa Salamis auawe. Wale wanne wakaenda. Yeye akaenda zake nyumbani. "Sasa huyu mtii sheria wenu ni yupi, wa jela au wa siku hiyo?"

Aliyetutoa ni jamaa wa kundi letu ambaye kawaida haongei, akasoma tu kipande kimoja taratibu: Sheria zinamwambia mzee, siku ya kesi ungeweza kuomba adhabu ya kuhamishwa mji na ungekubaliwa, ukajifanya bora kufa. Na kweli bana, yule mzee mahakamani aliambiwa apendekeze adhabu yake, akaanza kwa kusema anastahili kulishwa bure na mji kama mabingwa wa Olimpia! Kwangu mimi hoja ipo hapo, hiyo ya kukaa mjini bila kuhama niliiachia palepale na sijairudia. Socrates alisikilizwa hadharani, akajitetea, na mlango wa kuondoka kihalali aliuona akaukataa. Leon hakuwa na kesi, alikuwa na watu wametumwa kumfuata, ni amri tu.

Yule dada hakukubali, alisema kesi ya uonevu ni uonevu hata iwe hadharani, tukabishana mpaka kafteria chakula kikapoa.

Mtihani ulipokuja Socrates hayumo hata kwa dawa, swali lilikuwa Austin, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, wa 1832 na ile nadharia kwamba sheria ni amri ya mtawala yenye kitisho nyuma yake. Nikamwingiza Leon humohumo, maana kwa hesabu za Austin wale Thelathini walikuwa wanatunga sheria safi kabisa. Nikapata B.