Bia haingoji, pipa linangoja

Mwaka wa nne huu tunakaa jengo moja na watu wa bia, wao mbele na matanki yao, sisi nyuma na mapipa na mtambo wa shaba wa kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake uwe pombe kali, na karibu kila mtu anayetaka kuanza kutengeneza wiski akija kututembelea swali lake ni hilohilo, niingie ubia na kiwanda cha bia au nipange tu kwao? Jibu langu siku hizi ni moja: jiko shea, mapipa usishee. Nimelipata kwa machungu kwa hiyo ngoja nieleze vizuri.

Kwanza wazo lenyewe lina akili. Wiski nusu ya kazi yake ni bia. Unasaga kimea cha shayiri, unachanganya na maji ya moto, nyuzi 65 hivi, vimeng'enya vinageuza wanga kuwa sukari, unachuja yale maji matamu, wenye kazi tunaita woti, unapoza, unatia hamira, siku tatu nne baadaye una pombe ya asilimia 8 au 9. Mpaka hapo ni kazi ya mpika bia na anaifanya vizuri kuliko mimi. Kinu anacho, boila anayo, mashine ya kupoza anayo. Na tanki lake la kuchanganyia kimea linakaa tupu siku nyingi tu maana bia ikishaingia kwenye matanki inakaa wiki mbili tatu na hakuna pa kuweka nyingine. Kununua vyote hivyo mara mbili ndani ya jengo moja ni kuzika pesa.

Sasa tofauti inaanzia hapa. Wao woti wakishachuja wanauchemsha na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, saa nzima na zaidi, sisi hatuchemshi, unapozwa na kwenda tankini hivyohivyo, vimeng'enya bado viko hai vinaendelea kukata sukari na bakteria wa kwenye nafaka wengine nao wamo. Kwetu wale bakteria wanaogandisha maziwa wakijitokeza mwishoni mwa uchachu ni baraka, wanaleta ladha nzuri na mtamboni wote wanakufa kwa moto. Kwa mtu wa bia ni msiba.

Msiba wetu lakini haukuletwa na bakteria, uliletwa na mpira. Mwaka ule wa kwanza tulikuwa na mpira mmoja wa mita sita wa kuhamishia woti, tunaazimana, unaoshwa, unatundikwa ukutani, kesho mwingine anachukua. Wiki kama tano zikapita, mwenzangu wa bia akaniita, kaka njoo uone, akafungua chupa mbele yangu bia ikapanda yote ikamwagika mezani mpaka ikabaki povu tupu, ya pili hivyohivyo, ya tatu ilishapasuka yenyewe ndani ya kreti. Ilikuwa hamira yetu. Ni zile zinaitwa diastaticus, zinatoa kimeng'enya chao wenyewe na kula hata zile sukari ndefu ambazo hamira ya kawaida ya bia huziacha, na sisi ndo tunachotaka maana sukari iliyobaki ni kilevi tulichokosa, ila ikiingia kwenye chupa iliyofungwa inaendelea kula taratibu na gesi haina pa kutokea. Tulifungua kiungio cha mpira tukamulika kwa tochi, chini ya gasketi kulikuwa na utando mweupe mwembamba, ukipitisha kidole unateleza. Ndo ilikuwa imejificha pale, dawa ya kuoshea ilikuwa inapita juu yake tu kila siku. Alirudisha mzigo wote kutoka kwa wateja. Nilimlipa nusu ya hasara na mpaka leo naona haikutosha.

Tangu siku ile mipira ni miwili, mwekundu wetu, wa bluu wao, gasketi zinabadilishwa kwa tarehe, na chumba cha kuchachushia kila mtu chake chenye mlango wake. Tunachoshea kinaishia kwenye mashine ya kupoza. Hapo simwelewi mtu anayeniambia ataosha vizuri, sisi tuliosha vizuri.

Ukuta nao ni lazima. Mvuke wa kilevi ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni, na ukifika asilimia 3 na kidogo ya hewa cheche moja inatosha. Pombe ya asilimia 60 inatoa mvuke wa kushika moto kwenye joto la kawaida tu la chumba. Upande wa bia nako kuna kaboni dioksidi inatoka matankini nayo inalala chini, hiyo haiwaki ila inaziba pumzi. Pampu zao na swichi zao ni za kawaida, hazijatengenezwa kuzuia cheche, kwa hiyo feni zetu, taa zetu na mifereji yetu ni mbali kabisa na vya kwao. Sheria pia inaingia hapo, Marekani kwa mfano sheria ya serikali kuu inakataza kukeneka pombe kali mahali inapotengenezwa bia mpaka upewe ruhusa, na ushuru wa vitu hivi viwili unahesabiwa tofauti. Ulizia kwenu kabla ya kununua hata bomba moja.

Haya, umiliki. Sisi tulianza nusu kwa nusu kwenye kila kitu. Tulipendana, tukaona mkataba mrefu ni kama kutoaminiana. Tatizo likawa ni muda. Bia inapikwa leo, mwezi haujaisha imeshalipiwa, wiski kwa sheria ya Uskoti na ya Umoja wa Ulaya haiitwi wiski kabla ya miaka 3 kwenye pipa la mti, na huko Uskoti kila mwaka kama asilimia 2 inapotea kwa mvuke. Yaani mwenzangu anapata pesa ya bia, inageuzwa kuwa mapipa, halafu anaambiwa subiri. Yeye alitaka mashine ya kujazia makopo, mimi nilitaka mapipa 40, wote tulikuwa na haki na pesa ilikuwa moja. Tulikaa miezi miwili tunasalimiana kwa kichwa tu.

Hata wakubwa limewafika. Anchor ya San Francisco, Marekani, mwenyewe Fritz Maytag alianza kukeneka ndani ya kiwanda chake hicho cha bia mwaka 1993, mali moja paa moja, lakini mwaka 2017 Sapporo, kampuni ya bia ya Japani, waliponunua upande wa bia, upande wa pombe kali haukuwemo kwenye mauzo. Stranahan's, watu wa wiski wa Denver, walianza mwaka 2004 wakitegemea woti wa majirani zao wa bia, Flying Dog, hao wakaja kuhamisha uzalishaji kwenda Maryland, wiski ikabaki inatafuta pa kuchukulia.

Tulichofanya sisi ni kugawa kampuni mbili, halafu ya tatu ndogo tunayomiliki pamoja yenye kinu, boila na tanki la kuchanganyia tu. Kila mmoja analipia masaa. Woti nanunua kwa lita na kwa utamu uliopimwa, kipimo kinaandikwa tukiwa wote wawili pale, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila pipa lina namba na jina la mwenyewe. Na cha ajabu ushirikiano umekuwa mtamu zaidi, maji ya kupozea mtambo wangu yanatoka na moto wa kutosha yeye anapikia kimea kinachofuata, mapipa yangu yaliyomwagwa anawekea bia yake nyeusi nzito miezi sita kisha yananirudia na mimi namalizia wiski humo.

Kilichobaki ni mfereji wa maji taka. Mabaki ya mtambo wangu yanatoka ya moto na yana asidi, yake yana dawa za kuoshea, na yote yanaingia shimo moja, kwa hiyo bili ikija hatujui ya nani ni kiasi gani. Tumeagiza mita mbili, fundi anakuja Alhamisi.