Ubao wa Pedali za Besi Usiomeza Sauti Nzito: Nilivyoupanga

Ubao wangu wa jukwaani una pedali sita, yaani visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa la besi: tyuna (ya kulinganisha nyuzi), kompresa (hupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), okteva (huongeza noti ile ile okteva moja chini), overdraivu (huchafua sauti), korasi (hufanya besi moja isikike kama kadhaa), na mwisho priampu (ya kukuza na kurekebisha sauti) yenye DI, toleo la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa. Chumbani zote zililia vizuri. Jukwaani, kila nikikanyaga overdraivu besi ilitoweka ndani ya bendi, ikabaki sauti ya kukwaruza tu huku ngoma ya mguu ikiwa peke yake kule chini. Juu ya hayo kulikuwa na mvumo, na mluzi mwembamba usiojulikana unatoka wapi. Pedali mpya isingeponya lolote kati ya hayo. Nilibandua kila kitu, nikaanza na gitaa, kebo moja na amplifaya, kisha nikawa narudisha pedali moja moja. Sikuongeza inayofuata mpaka niridhike kwamba iliyopo, ikiwa imezimwa, haileti kelele wala haipunguzi kitu.

Nilianzia kwenye umeme, maana ndiko kelele nyingi huzaliwa. Kwenye pedali au kitabu chake kuna mambo manne ya kusoma: volti, miliampea, DC au AC, na mchoro wa ncha za plagi. Zilizo nyingi hutumia volti 9 DC, plagi ya milimita 2.1, hasi ikiwa katikati. Zipo zinazotaka chanya katikati, hasa baadhi ya fazi (pedali za kuchafua sauti kwa ukali) za mtindo wa zamani, na chache zinazotaka AC. Volti lazima zilingane. Miliampea za chanzo zinaweza kuzidi bila madhara, kwa sababu pedali huvuta kile inachohitaji tu. Zikipungua ndipo pedali inapozimazima, au ya kidijitali inakataa kabisa kuwaka.

Pedali nyingi za analogi hazifiki mA 20. Tyuna yenye taa kali huvuta kama 30 hadi 50. Za kidijitali mara nyingi huanzia 100, na nyingine hupita 300. Zangu zilitoa hesabu hii: tyuna 40, kompresa 12, okteva 8, overdraivu 10, korasi ya kidijitali 100, priampu 60. Jumla ni mA 230, lakini jumla peke yake haitoshi. Kila mlango wa chanzo una kikomo chake, kwa hiyo korasi haikai kwenye mlango wa mA 100 uliojaa mpaka ukingoni. Niliipa wa 300.

Ule mluzi ulitoka hapo hapo. Nilikuwa natumia adapta moja yenye waya wa matawi. Katika mpangilio huo pedali zote zinaunganishwa hasi kwa njia mbili, kupitia waya wa umeme na kupitia ganda la kebo za sauti, na kelele za saa ya ndani ya pedali ya kidijitali hupita humo na kuingia kwenye overdraivu, ambayo huzikuza. Kipimo chake ni chepesi: chomoa pedali ya kidijitali kwenye matawi, iwashe kwa adapta yake yenyewe au betri kama inakubali, halafu sikiliza. Mluzi ukikata, dawa ni chanzo chenye milango iliyotengwa kikweli, kila mmoja na hasi yake. Chanzo chenye matundu mengi si lazima kiwe kimetengwa ndani. Ukiwa na multimita, kizime, pima mwendelezo kati ya ganda la mlango mmoja na la mwingine; ikilia, hakijatengwa.

Kuhusu volti 18: kuna pedali zinazozipokea na kuwa na nafasi zaidi kabla ya kupasuka sauti, jambo linalofaa sana kwa besi yenye betri ndani. Lakini pedali ya volti 9 mara nyingi ina kapasita za volti 16 ndani yake. Kitabu kisiposema 18 waziwazi, usijaribu.

Mvumo ni jambo jingine. Geuza mwili wako na gitaa robo duara. Mvumo ukibadilika, unatoka kwenye pikapu (vinasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja na hakuna chanzo cha umeme kitakachouondoa. Usipobadilika, na ukawa unaanza tu pale DI inapounganishwa na mikisa, ni mzunguko wa athi, yaani athi zimeunganishwa kwa njia mbili, kati ya amplifaya yako na mikisa. Bonyeza swichi ya kutenganisha athi kwenye DI. Kamwe usikate pini ya athi ya plagi ya amplifaya. Hiyo pini ndiyo inayokulinda siku waya wa moto utakapogusa chasisi huku midomo yako iko kwenye maikrofoni.

Baada ya umeme nilihamia kwenye kebo. Kebo ya gitaa ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na kadiri zinavyozidi ndivyo makali ya juu yanavyomezwa. Mita 6 kutoka kwenye besi, mita 6 kwenda kwa amplifaya, pamoja na vipande vya kuunganishia, vinaleta kama 1,300. Besi isiyo na betri ikiziona zote kwa mkupuo, yaani pedali zote zikiwa za bayapasi kamili (zikizimwa hupitisha ishara bila kuigusa) na zimezimwa, makali ya juu yanafifia, na mguso wa kidole na kofi la dole gumba vinasikika kama vimefunikwa blanketi. Bafa moja mwanzoni, saketi ndogo inayoipa ishara nguvu ya kuvuka kebo ndefu, inatosha. Tyuna yangu inayo ndani. Besi yenye priampu yake haihitaji hata hiyo. Isipokuwa fazi za transista mbili za mtindo wa zamani: hizo zina mlango wa kuingilia wenye ukinzani mdogo, zimezoea kuiona pikapu moja kwa moja, na zikitanguliwa na bafa hulia kwa ukali usiopendeza. Ukiwa nayo, itangulize.

Vipande vya kuunganishia vya kufunga kwa skrubu bila kulehemu nilivitupa. Skrubu hulegea kwa mtikisiko wa safari, na kinakatika katikati ya wimbo, siyo wakati wa majaribio. Nilivilehemu mwenyewe kwa pasi ya nyuzi 350 na lehemu ya 60/40. Kosa linalowapata wengi siyo lehemu bali ni maandalizi ya waya. Kebo nyingi za gitaa zina tabaka jembamba la plastiki nyeusi kati ya wavu na plastiki ya ndani. Tabaka hilo linapitisha umeme. Usipolikwangua milimita tatu au nne kurudi nyuma, linagusa ncha ya katikati na kuvujisha sauti: kebo haijafa, lakini inatoa sauti hafifu, na utalaumu pedali mwezi mzima. Kosa la pili ni uzi mmoja wa wavu uliopotoka ukagusa katikati. Pima kwa multimita huku unaukunja waya karibu na jeki, si ukiwa umelala mezani.

Sasa mpangilio. Tyuna kwanza, kwa sababu inataka ishara safi na kwa sababu ikiwashwa inanyamazisha kila kitu. Kompresa ikafuata. Wanaotumia pedali ya wah ya kujiendesha waiweke kabla ya kompresa, kwani inategemea tofauti ya mguso mzito na mwepesi, na kompresa kazi yake ni kuifuta tofauti hiyo. Mipangilio yangu ya kompresa: uwiano 4:1, shambulio (muda wa kuanza kubana) milisekunde 30, kuachia (muda wa kuacha kubana) 200, na taa ionyeshe kupungua desibeli 3 hadi 6 kwenye noti nzito. Shambulio fupi mno linaua mdundo wa kidole. Kuachia kufupi mno ni kubaya zaidi kwa besi kuliko kwa gitaa la kawaida: wimbi moja la E ya chini, Hz 41 (mitikisiko 41 kwa sekunde), huchukua milisekunde 24. Kompresa inayoachia kwa milisekunde 30 inaanza kulifuata wimbi lenyewe badala ya ukubwa wa noti, na utasikia mkwaruzo kama wa mchanga usiojua umetoka wapi.

Okteva ya analogi hugawa mawimbi kwa mbili, basi. Haijui noti, inahesabu tu. Ukiipa noti mbili kwa pamoja inachanganyikiwa. Ukiipa noti yenye makali mengi inayumba. Ndiyo maana niliiweka baada ya kompresa, ili mkia wa noti usife kabla hesabu haijakwisha, na kabla ya overdraivu. Tumia pikapu ya shingoni, punguza toni. Chini ya A ya freti ya tano kwenye waya wa E sikanyagi: A hiyo ni Hz 55, okteva yake ni 27.5, na hakuna spika ya kawaida ya jukwaani inayotoa hilo kwa nguvu. Unapoteza umeme wa amplifaya bila mtu kusikia.

Overdraivu ndiyo iliyonichukua muda. Overdraivu nyingi za gitaa hukata chini kabla ya kupasua sauti, kwa makusudi, ili nyuzi nene zisilie kama tope. Saketi ya Tube Screamer ya Ibanez, iliyonakiliwa mara nyingi, huanza kupunguza mpasuko chini ya takriban Hz 720. Sauti za msingi za noti zote za besi ziko chini ya hapo. Zile zilizoundwa kwa besi, au pedali ya pembeni ya kuchanganya, hurudisha sauti safi kandokando ya ile chafu. Nilifika kwenye asilimia 60 safi na 40 chafu. Kwenye chumba kitupu inasikika kama uchafu ni mdogo mno. Ndani ya bendi inatosha.

Ila kuna mtego hapo. Baadhi ya saketi hupindua wimbi: linapopanda kuingia, linatoka likishuka. Ukilichanganya na lile safi, chini yanafutana. Piga E tupu, weka nobu ya kuchanganya katikati. Sauti ikikonda kuliko ikiwa upande wowote peke yake, wimbi limepinduliwa. Pedali nzuri ya kuchanganya ina swichi ya kulirudisha. Isipokuwepo, pedali nyingine inayopindua, ikiwekwa kwenye njia chafu pekee, inafanya kazi hiyo hiyo.

Kisha linganisha ukubwa. Overdraivu hubana sauti, hivyo masikio huidhani kubwa kuliko ilivyo. Linganisha mtu mwingine akiwa amesimama mbele ya spika, bendi inapiga, na sauti iko kwenye kiwango cha jukwaa. Katika sauti ya chini sikio halisikii besi sawasawa, kwa hiyo nyumbani kila mtu huongeza chini na kukata katikati. Jukwaani mpangilio huo huo unakuwa tope. Nilirudisha katikati, Hz 250 hadi 800, ndiko besi inakosikika hata kwenye spika ndogo.

Korasi haina mengi: weka baada ya overdraivu, na ikiwa na nobu ya kuachia chini bila kuguswa, itumie.

Priampu inakuja mwisho. Ndani yake nimeweka kichujio kinachokata chini ya Hz 35, desibeli 12 kwa okteva. Kisanduku cha spika chenye tundu, chini ya masafa kiliyosawazishiwa, hakiishiki koni tena. Inacheza mbele na nyuma ovyo bila kutoa sauti ya maana. Ukiikata hiyo, spika inapumua na amplifaya inapata nguvu. Toleo la jeki linakwenda kwenye mlango wa kurudishia efekti nyuma ya amplifaya, siyo mlango wa mbele, ili priampu mbili zisipangane. Toleo la XLR (plagi ya pini tatu), ambalo ndilo DI, linakwenda kwa fundi wa sauti. Overdraivu ikipelekwa huko bila kuigizwa kwa spika inasikika kama nyuki kwenye chupa, kwa sababu spika ya inchi 10 bila twita inashuka haraka juu ya kHz 4 au 5, na DI haifanyi hivyo. Washa kiigizo cha spika, au kata juu ya kHz 5. Mwambie pia fundi azime volti 48 (umeme ambao mikisa hupeleka kwa maikrofoni) kwenye chaneli yako kama kitabu cha priampu hakijasema inazivumilia.

Na kutoka amplifaya kwenda spika ni kebo ya spika, kamwe isiwe ya gitaa. Ndani ya ile ya gitaa kuna uzi mwembamba unaopata moto. Visanduku viwili vya omu 8 sambamba ni omu 4. Hakikisha amplifaya inaziruhusu.

Sauti ikikata katikati ya onyesho, sichunguzi pedali moja moja. Nachomeka kebo ya besi katikati ya ubao, kwenye mlango wa overdraivu. Ikilia, kosa liko nusu ya kwanza. Isipolia, liko ya pili. Mara tatu namna hiyo na kipande kibovu kimejulikana. Wimbo ukiwa hausubiri, besi inaingia moja kwa moja kwenye priampu, na ubao wote unakaa pembeni mpaka mapumziko. Kwenye mfuko wa begi: kebo ndefu moja, kipande kimoja cha kuunganishia, na betri mpya ya volti 9 ya besi. Jeki ya besi yenyewe nachomoa kila nikimaliza, kwa kuwa kwenye besi nyingi zenye betri ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa usiku kucha.