Nilivyopitisha Kozi Yangu ya Kiangazi Nikiwa Mwanafunzi wa Uzamivu

Vyuo vikuu vingi vya Marekani huwapa wanafunzi wa uzamivu nafasi ya kufundisha kozi walizozibuni wenyewe muhula wa kiangazi. Unaandika pendekezo, idara inalipitia, na likikubaliwa kozi ni yako: unachagua vitabu, unafundisha, unasahihisha. Kwa sisi wa viza ya F-1, yaani viza ya wanafunzi wa kigeni, nafasi hii ina uzito wake. Wakati wa masomo haturuhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki, ila likizo zuio hilo huondolewa, na kodi ya nyumba haijui likizo.

Mimi nasoma historia. Nilitaka kufundisha biashara ya Bahari ya Hindi, kuanzia Rhapta, bandari ya kale ya Afrika Mashariki ya karne ya kwanza, hadi Zanzibar ya karafuu ya karne ya 19. Dada mmoja wa Mombasa aliyenitangulia idarani alisoma rasimu yangu, akaniuliza: “Mdogo wangu, mwanafunzi akitoka hapa ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi?” Swali hilo ndilo lililonionyesha njia. Nikaiweka kando orodha ya mada, nikaanza na hesabu ya saa.

Kanuni ya huko ni hii: kila krediti, kipimo cha uzito wa kozi, ni saa moja darasani na mbili za kujisomea kwa wiki, kwa wiki kama 15. Kozi ya krediti 3 basi inafika saa 135. Ukiiweka katika wiki sita, mwanafunzi anakuwa na saa 22 na nusu kila wiki, na wengi wao wana vibarua. Karne 18 haziingii humo. Nikachagua mji mmoja wa kale, Kilwa Kisiwani katika pwani ya kusini ya Tanzania, na swali moja: utajiri wake ulitoka wapi, na uliondokaje?

Kila wiki ikapata ushahidi wake. Wiki ya kwanza pepo za kaskazi na kusi, kwa sababu bila hizo majahazi hayaji wala hayarudi. Halafu dhahabu iliyopitia Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, maelezo ya msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331, magofu ya jumba la Husuni Kubwa, na mwisho Wareno walioupora mji mwaka 1505.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya sarafu. Sarafu za Kilwa ni vipande vidogo vya shaba: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yanapatana kwa vina. Mwaka 1944 tano kati yake ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje? Niliandika kwamba kila mwanafunzi atapima maelezo yanayotolewa na kutetea moja mbele ya wenzake. Hapo nilikuwa nimelijibu swali la dada.

Kamati ya idara iliyopitia pendekezo haikuhoji sana historia yenyewe. Waliuliza kuhusu usahihishaji, na wana haki: katika wiki sita, insha ikikaa kwako wiki mbili, mwanafunzi ameshapoteza theluthi ya kozi bila kujua anakosea wapi. Nikaondoa insha ndefu ya katikati, nikaweka maandishi ya ukurasa mmoja yanayorudishwa kipindi kinachofuata. Pia niliomba kozi ihesabiwe kwenye masharti ya jumla ya shahada ya kwanza, yaani kozi ambazo kila mwanafunzi lazima azikamilishe hata nje ya fani yake, na nawasihi wenzangu wasiliruke hili. Wanafunzi wengi wa kiangazi wanatafuta kukamilisha masharti, na kozi isiyofikisha idadi hufutwa hata kama kamati iliipenda.

Baada ya kupita, niliwaandikia washauri wa wanafunzi wa jiografia, Kiarabu na akiolojia, kila mmoja barua yake, nikieleza wanafunzi wake watapata nini. Darasa likajaa, na kundi kubwa zaidi lilitoka jiografia, likaja kwa ajili ya zile pepo.