Mwasumini wa Jambiani

Nilipoolewa Jambiani, mwishoni mwa 2009, mama alinipa mche wa mwasumini kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliutoa uani kwake Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, baina ya kuta nne, mahali ambapo hata kanga ikianikwa haipeperuki. Niliupakata ndani ya daladala njia nzima.

Nyuma ya nyumba yetu hapakuwa na udongo, palikuwa na jiwe. Pande zile za mashariki ya Unguja ni maweni: ukipiga jembe linaruka, na udongo wenyewe, mwekundu, umejificha kwenye vishimo vya mawe, hapa konzi, pale pakacha. Mume wangu alipiga mtaimbo asubuhi nzima tukapata shimo la kufika gotini. Nikatia samadi ya mbuzi, na chini kabisa nikatandika makumbi ya nazi yashike maji. Makumbi yale niliyatoa pwani, kwenye shimo la mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikoyafukia miezi mingi yaoze apate usumba wa kusokotea kamba. Nilifurahi kuyaona laini vile.

Kaskazi ikaanza kuvuma. Desemba ile ile umeme ukakatika Unguja nzima, haukurudi mpaka Machi 2010, na pampu zilipolala mifereji nayo ikakauka. Tukarudi kisimani, kwenye maji ya chumvichumvi. Jani la kwanza liliungua ncha, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Nililigusa, nikalamba kidole: chumvi tupu. Basi nikasimamisha mabati mawili upande wa bahari. Upepo ukapanda juu ya bati, ukashukia upande wa pili ukizunguka, ukautikisa mche mpaka shina likalegea. Kila nilivyouona unanyauka ndivyo nilivyozidi kuumwagia maji, usiku nikawa silali kwa kumfikiria mama.

Mavyaa alinikuta nimechutama pale siku moja akirudi kwenye mwani, kanga zimerowa mpaka kiunoni. Aliweka kiroba chini, akafukua kwa vidole, akachomoa kumbi moja, akalinusa.

"Hili la pwani, mwanangu. Umeutandikia chumvi."

Hakunigombeza. Nazi za mchuzi zilikuwa zimefuliwa asubuhi. Tukatoa makumbi yote ya zamani na kutia yale mabichi. Kisha akasema niondoe mabati. "Bati linaurudisha upepo. Weka kumba upite kidogo kidogo." Akasimamisha makuti ya kumba mawili. Nikaweka mkono nyuma yake. Upepo ulikuwa unapita bado, lakini kama pumzi ya mtu aliyelala.

Halafu akachukua kisu akakata majani yote. Vilibaki vijiti vitatu tu, na hapo ndipo nilipolia, mbele yake, bila haya. Aliningoja nikamaliza. "Mizizi imeumia, haiwezi kuyanywesha yote hayo. Yataota." Akazungushia kokoto shinani ili jua lisilikaushe shimo, akanipeleka kwenye pipa alimowekea maji ya mvua za vuli, maji yetu ya kunywa. Kata moja kila alfajiri, akasema, na ya pili uoshee vijiti chumvi ya usiku. Katika dhiki ile ya maji, hakuna zawadi niliyopewa ya harusi iliyozidi kata mbili zile.

Masika ilikuta majani manane, mapana, yanang'aa. Ilipokaribia kwisha nikaona vitumba, sita, vyeupe, vimefumba kama punje za mchele uliorowekwa. Nilivichuma alasiri, kabla havijafumbuka, nikampelekea kiganjani. Sita havitoshi hata kikuba kimoja, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake. Mavyaa akavifunga pindoni mwa kanga yake, akaingia ndani kusali magharibi.

Baada ya isha nilipita mlangoni mwake na koroboi. Chumba chote kilinukia uani kwa mama.