Nilivyojifunza Kuyajua Mahitaji ya Makazi na Matumizi ya Ardhi Nikiwa Kiongozi wa Mtaa

Nilipochaguliwa kuongoza mtaa wetu, malalamiko mengi yaliyonifikia yalihusu mipaka ya viwanja, kodi za nyumba na wapangaji kutolewa bila notisi. Niliona haingewezekana kuyatatua moja moja kabla ya kuelewa ardhi yetu imepangiwa nini na watu wanaishi vipi juu yake.

Nilianzia ofisi ya mipango miji, ambako afisa alinifundisha kusoma rangi za mchoro wa eneo letu: makazi, biashara, huduma za jamii, maeneo ya wazi, hifadhi ya barabara na ya mto. Alinieleza pia kwamba anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja hupeleka maombi, tangazo hutolewa, na majirani huwa na muda maalumu wa kuweka pingamizi. Maelezo hayo yalinifaa kuliko yote, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tukipata habari msingi ukiwa umeshachimbwa.

Nilitoa nakala kubwa ya mchoro huo, nikaitandaza mezani mbele ya wakazi. Bibi mmoja aliweka kidole kwenye viwanja vipya vya bondeni, akakiteremsha polepole hadi barabarani akionyesha njia ambayo maji hufuata mvua kubwa zinaponyesha. Tulipokwenda kukagua, tulikuta alama za maji ukutani, juu ya usawa wa madirisha. Tangu hapo sijakubali kujadili mchoro wowote wa ardhi bila kutembea mahali penyewe pamoja na wakazi wa siku nyingi.

Mahitaji ya makazi yalidai subira zaidi. Nilitumia kipimo cha UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, kinachohesabu kuwa kuna msongamano pale watu zaidi ya watatu wanapotumia chumba kimoja, na kile kinachotumika sana cha gharama ya nyumba kutozidi asilimia 30 ya kipato. Hata hivyo, swali la idadi ya vyumba halikutosha; nilipouliza kila mtu hulala wapi ndipo hali halisi ilipojitokeza. Katika nyumba moja niliyodhani ina nafasi, magodoro yalikuwa yamesimamishwa nyuma ya kabati la sebuleni, na kijana mkubwa alikuwa akilala kwa rafiki yake. Familia kama hiyo haihesabiwi kuwa haina makazi, ingawa uhitaji wake ni mkubwa.

Wapangaji nilizungumza nao peke yao, kwa sababu mbele ya wenye nyumba walinyamaza. Nasema kwa uhakika kwamba kikao cha ardhi kinachowaita wamiliki tu hakijausikiliza mtaa. Mwaka 1991, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni ilieleza kwamba makazi ya kutosheleza yanajumuisha usalama wa umiliki au upangaji, huduma, unafuu wa gharama na mahali yalipo. Na hayo ndiyo waliyonieleza wapangaji wetu, kila mmoja kwa maneno yake.

Taarifa yetu iliunganisha mchoro, njia ya maji na hali ya kaya, bila kutaja jina la familia yoyote. Ofisi ya mipango ilituma wapimaji bondeni, ugawaji wa viwanja hivyo ukasitishwa, na wapangaji wakapata wawakilishi katika kamati ya ardhi ya mtaa.